Saa 48 za Novemba: Kusoma Utabiri wa Marekani Theluji Inapoanza

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunasoma utabiri wa saa 48 wa Marekani, Novemba ikielekea ukingoni. Kaka Juma, ukiifungua taarifa, jicho lako linaanzia wapi?

JUMA: Kwenye saa, dada, kabla ya ramani. Taarifa za taifa zima hufuata saa za kimataifa, zile zenye herufi Z. Saa zikisharudishwa nyuma Novemba, 12Z, yaani adhuhuri kwa saa hizo, kwa New York ni saa 1 asubuhi. Ila 00Z, yaani usiku wa manane tarehe inapoanza, huko ni saa 1 usiku wa tarehe iliyotangulia. Mtu akiona “tarehe 19, 00Z” anadhani ni usiku wa tarehe 19, kumbe ni wa tarehe 18. Anapanga safari, theluji inamkuta barabarani.

REHEMA: Sasa twende kwenye Maziwa Makuu ya huko, maana mwezi huu ndiko kwenye kazi.

JUMA: Hapo tukae kidogo. Ziwa Erie bado lina joto la kiangazi, tuseme maji yana nyuzi 9. Hewa kavu ya Kanada inapita juu yake, inapata joto na unyevu kwa chini, inapanda, inaangusha theluji ng’ambo. Kipimo cha watabiri ni tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa kimo cha mita 1,500. Ikifika nyuzi 13, mtambo umewaka. Kwa hiyo maji yakiwa 9, unatafuta hewa ya hasi 4 au chini ya hapo.

REHEMA: Lakini tofauti peke yake haitoshi.

JUMA: Haitoshi kabisa. Upepo lazima usafiri juu ya maji kwa urefu. Ukivuka Erie kwa upana, unapata manyunyu ya theluji. Ukitoka magharibi-kusini-magharibi, unalifuata ziwa urefu wake wote, karibu kilomita 390, na unaishia Buffalo, jiji lililo ncha ya mashariki ya ziwa. Halafu angalia upepo wa chini na ule wa mita 3,000: mielekeo yao ikipishana chini ya nyuzi 30, theluji inajikusanya kwenye mkanda mmoja mwembamba. Ikipishana zaidi ya 60, mkanda unasambaratika.

REHEMA: Na ule wembamba ndio unaowatesa watabiri. Novemba 2014, vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilipata zaidi ya sentimita 150, huku kaskazini mwa jiji zikianguka sentimita chache tu.

JUMA: Piga hesabu uone. Mwelekeo wa upepo ukikosewa kwa nyuzi 10 tu, baada ya kilomita 100 mkanda umehama kilomita 17 hivi. Wilaya nzima hiyo. Ndiyo maana nasisitiza: usishike namba ya sentimita ya mji wako, shika mkanda mzima na jiulize ukihama kidogo nani anafunikwa.

REHEMA: Huko kwingine kusiko na maziwa, taabu ni mvua inayoganda. Juu kuna tabaka la joto, theluji inayeyuka. Chini kumebaki tabaka jembamba la baridi, pengine hasi 1 au 2. Tone halina muda wa kuganda angani, linaganda likigusa waya, tawi au daraja. Tabaka hilo likiwa nene, tone linaganda njiani na kufika kama punje za barafu, ambazo hazing’ang’anii nyaya.

JUMA: Na simu itakuonyesha alama ya wingu la mvua tu, kwa sababu imesoma nyuzi 0 kimo cha mita 2. Soma maelezo ya mtabiri.

REHEMA: Vipi kugeuza mvua kuwa theluji?

JUMA: Kanuni ya haraka ni milimita 1 ya maji kwa sentimita 1 ya theluji. Karibu na nyuzi 0 theluji ni chepechepe, unapata nusu ya hapo, lakini uzito wa maji ni uleule, na miti mingine bado ina majani. Matawi yanakatika, umeme unakatika nayo. Ile ya maziwani ni nyepesi, inaweza kufika sentimita 2 kwa kila milimita.

REHEMA: Na angalizo likipandishwa kuwa onyo?

JUMA: Angalizo ni kwamba hali inawezekana, jaza mafuta, chaji simu. Onyo ni kwamba inakuja au imeshafika. Hapo gari linabaki nyumbani.