GDF15: Kipimo kinachoonyesha shida bila kutaja ugonjwa

Mabibi na mabwana, mada yetu leo ni protini moja tu, GDF15, saitokini (protini ya kupeleka ishara kati ya seli) ambayo seli huimwaga kwenye damu zinapozidiwa. Mitokondria zikiharibika, lishe ikipungua ndani ya seli, au protini zikirundikana bila kujikunja sawasawa, ATF4 na CHOP, protini zinazowasha jeni wakati wa msongo, huliamsha jeni lake. Ndiyo sababu kiwango hupanda kwa mwenye moyo kushindwa, figo kuchoka, saratani au maambukizi makali.

Kwa mtu mzima mwenye afya tunatarajia takriban pikogramu 200 hadi 1,200 kwa mililita, na kiwango huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ukiletewa jibu la 2,000, usikimbilie kutaja ugonjwa. Uliza kwanza: ana umri gani? Anavuta sigara? Figo zinachuja vipi? Anameza metformini, dawa ya kisukari? Ni mjamzito? Metformini peke yake hupandisha kiwango, na kondo la nyuma humwaga protini hii kwa wingi mno.

Kuna mtego mwingine, nao uko maabara. Watu wengi wamerithi umbo la GDF15 ambalo histidini ya nafasi ya 202 imebadilishwa na asidi ya aspati. Protini hiyo hufanya kazi kama kawaida, lakini baadhi ya vifaa vya kupimia huisoma pungufu. Basi mgonjwa unayemfuatilia mpime kwa kifaa kilekile tangu mwanzo hadi mwisho.

Kipimo hiki kina nguvu kikiambatana na vingine. Kwa wenye mpapatiko wa atria (mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio) wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, hatari ya kuvuja damu hukadiriwa kwa umri, hemoglobini, troponini (protini inayoonyesha moyo umeumia), historia ya kuvuja damu, pamoja na GDF15.

Upande wa tiba ulifunguka mwaka 2017, pale vikundi vinne vya watafiti vilipotambua kipokezi chake, GFRAL, kilichoko kwenye shina la ubongo na kinachofanya kazi kwa kushirikiana na RET, protini nyingine ya kwenye utando wa seli. Kikiguswa, hamu ya kula hushuka na kichefuchefu huja. Mgonjwa wa saratani anayekonda hivyo anaweza kusaidiwa kwa kuinasa GDF15 kabla haijafika huko.

Kingamwili ya ponsegromab, inayoinasa GDF15, ilijaribiwa kwa wagonjwa 187 wenye saratani ya mapafu, kongosho au utumbo mpana, wote wakiwa na angalau pikogramu 1,500 kwa mililita. Walichomwa chini ya ngozi kila wiki 4. Baada ya wiki 12, mabadiliko ya uzito wa waliopewa miligramu 400 yalikuwa yamewazidi wa plasebo (dawa bandia) kwa kilo 2.81. Hapo ndipo naona thamani kubwa ya kipimo hiki: kinamchagua mgonjwa ambaye dawa ina kitu cha kuzuia.

Kuigeuza GDF15 yenyewe iwe dawa ya unene kumekwama kwenye kichefuchefu. Hata kwa wajawazito, utafiti wa 2023 ulionyesha kwamba wenye kiwango cha chini kabla ya mimba ndio walio katika hatari zaidi ya kutapika kupita kiasi. Mwili haukuwa umeizoea.

Na ukishampa mgonjwa kingamwili, agiza kipimo cha GDF15 iliyo huru, yaani ambayo haijanaswa na kingamwili. Iliyonaswa huweza kukaa kwenye damu muda mrefu, hivyo kipimo cha jumla kinaweza kupanda ilhali dawa inafanya kazi.