Kamba Iliyokatika Matterhorn

Ndugu zangu, atakayefika Zermatt, Uswisi, aingie kwenye makumbusho ya mji ule akaione kamba moja, ile iliyokatika kwenye mlima wa Matterhorn. Ni kipande tu, chembamba. Nikiambiwa nichague kifaa kimoja cha kusimulia historia ya kupanda milima, naacha mashoka yote ya barafu, nachukua hicho.

Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walikuwa wa kwanza kukanyaga kilele cha Matterhorn, mita 4,478. Walishuka wote wamefungana kwa kamba. Mbele alikuwa Michel Croz, mwongozaji kutoka Chamonix; nyuma yake Douglas Hadow, kijana wa miaka 19, mgeni wa kazi hii. Croz aliweka shoka kando, akawa anamshika Hadow miguu na kuipachika mahali salama, mmoja baada ya mwingine. Alipogeuka ili ashuke hatua yake mwenyewe, Hadow akateleza, akamwangukia. Uzito wao ukamng'oa Charles Hudson, kisha Lord Francis Douglas. Huku juu, mzee Peter Taugwalder, mwongozaji wa Zermatt, mwanawe, na Edward Whymper, Mwingereza aliyeongoza safari, wakang'ang'ania mwamba. Kamba ikakazika, ikakatika baina ya Douglas na mzee. Wanne wakaporomoka zaidi ya mita elfu moja. Mwili wa Douglas haujaonekana hadi leo.

Kinachoniuma ni kwamba kamba imara walikuwa nayo. Walibeba aina tatu, na iliyokatika ndiyo dhaifu kuliko zote. Tena mwaka uliotangulia, Alpine Club ya London, chama cha wapanda milima, ilikuwa imeshapima kamba na kutaja zinazofaa, ikiwemo ya Manila. Hiyo husokotwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya migomba. Ni ngumu kweli, lakini haivutiki sana: mtu akianguka, mshtuko wote unampiga yeye kiunoni na kumpiga aliyemshika. Ndiyo maana nailoni, iliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, naihesabu kuwa mageuzi makubwa kuliko yote. Inanyumbuka, inameza mshtuko.

Watu walinong'ona kwamba Taugwalder aliikata kamba. Uchunguzi haukumtia hatiani, ila minong'ono haikukoma. Mimi namtetea. Pale palipokuwa na utelezi, watatu wangezuiaje wanne? Hata kamba nzuri, ingawa ingeshika, huenda ingewaangusha wote saba.