Mlima Mmoja, Bei Mbili za Maji: Mhadhara Kuhusu Miundombinu na Tofauti za Kipato Jijini Mwanza

Ndugu wananchi, wenyeviti wa mitaa, wanafunzi na mafundi mliofika, habari za jioni.

Mgeni akifika Mwanza kwa mara ya kwanza haishi kushangaa: mji uko kando ya Ziwa Victoria, lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na bado wapo watu wananunua maji kwa ndoo. Jibu analopewa upesi ni milima na mawe. Lina ukweli, lakini halitoshi. Capri Point, mtaa wa hapa Mwanza, ni mlima wa mawe. Igogo, iliyo jirani nayo, ni mlima wa mawe vilevile. Capri Point jiwe linapandisha bei ya kiwanja kwa sababu ya mandhari ya ziwa. Igogo jiwe hilohilo linaishusha. Kilichowatenganisha ni barabara iliyotangulia, bomba lililofuata barabara, na hati ya ardhi iliyokwenda navyo. Leo nitabaki kwenye maji safi na majitaka, maana humo hesabu inafanyika hata kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na presha. Kupandisha maji mita 10 kunahitaji bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kabla hujahesabu inayopotea kwa msuguano ndani ya bomba. Nyumba iliyo mita 80 juu ya pampu inahitaji bar 8 ili maji yafike tu, na bar 1 au 2 zaidi ili bomba litoe maji ya maana. Ukisukuma yote hayo kutoka chini kwa mkupuo mmoja, bomba la plastiki linalohimili bar 10 huko bondeni linakuwa limefika ukingoni, na koki za wateja wa chini zinaanza kuvuja na kupasuka. Ndiyo sababu mtandao hugawanywa kanda kanda: kila kanda na tanki lake, na pampu inayovuta kutoka tanki la chini kujaza la juu yake. Mteja wa kanda ya kwanza anategemea pampu moja. Wa kanda ya tatu anategemea pampu tatu zinazopokezana, na umeme wa vituo vitatu. Umeme ukikatika saa 4 asubuhi, wa chini huenda asijue, kwa kuwa tanki linaendelea kumshushia. Wa juu anakauka wa kwanza na kurudishiwa wa mwisho, kwani tanki lake haliwezi kujaa kabla la chini halijapata maji ya kutosha.

Hapo ndipo mgao unapozaa matatizo ambayo ankara haiyaonyeshi. Bomba likikaa tupu huingia hewa. Maji yakirudi, hewa hiyo husukumwa kupitia dira ya mteja, na dira inazunguka kama kawaida. Malalamiko ya watu wa juu kwamba wanalipia upepo yana msingi wa kiufundi, na dawa yake ni valvu ya kutoa hewa kwenye kilele cha laini, kifaa kidogo ambacho mara nyingi hakifungwi au kimekufa. Jambo la pili ni baya zaidi. Laini inapoisha maji, presha ndani hushuka chini ya ile ya nje, na kila tundu lililokuwa likivujisha maji nje sasa linafyonza ndani, yakiwemo majimaji ya mfereji unaopita jirani. Kwa hiyo mwenye maji mara mbili kwa wiki anapata maji machache na machafu zaidi kuliko mwenye maji kila siku, ingawa yametoka mtambo mmoja. Maji ya kwanza baada ya mgao yamwagwe au yafuliwe nguo. Ya kunywa yasubiri, kisha yachemshwe au yatiwe klorini.

Na wapo wateja wa chini wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye laini ya mtaa ili kujaza simtanki la juu ya paa. Ni kosa, na kila fundi hapa anajua linavyofanyika usiku. Mmoja akivuta, presha ya majirani wa juu inaporomoka. Tanki la lita 5,000 la mwenye nazo linajazwa kwa presha ya wasiokuwa nazo.

Kuna wanaosema uzalishaji ukiongezeka tatizo litaisha. Mtambo wa maji wa Capri Point huzalisha takriban lita milioni 90 kwa siku, na baadaye ukaongezwa mtambo wa Butimba wenye uwezo wa lita milioni 48. Ni hatua kubwa, lakini maji hayapandi mlima kwa sababu yamezalishwa. Yanahitaji pampu, tanki na bomba la kupandishia, na hivyo ndivyo vipande vinavyobaki nyuma katika bajeti. Umbali nao usisingiziwe. Kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, maji ya ziwa hili yalifika Shinyanga na Kahama mwaka 2009, na baadaye Nzega, Igunga na Tabora. Sina kinyongo na ndugu zetu wa huko. Nasema tu kwamba mamia ya kilomita yalishindwa na fedha zilizopangwa, na mita 80 za mlima hazina cha kuzishinda zaidi ya hicho.

Sasa bei. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Ndoo ikiuzwa shilingi 100, yuniti imefika 5,000. Badilisheni bei kwa ya mtaani kwenu, mzidishe kwa 50, kisha mlinganishe na ankara ya mwenye dira. Kaya ya watu watano kwa lita 20 kila mmoja, kiasi cha kukidhi mahitaji ya msingi tu, inataka ndoo tano kwa siku. Ikiwa kwenda, foleni na kurudi ni dakika 40, hizo ni dakika 200, zaidi ya saa tatu, na kilo 20 kichwani kila safari juu ya mawe ambako mkokoteni haupiti. Mara nyingi saa hizo ni za mama au binti. Hazionekani kwenye takwimu za mapato, ila zinakula muda wa genge, wa kuanika dagaa, wa masomo ya jioni.

Kwa nini basi wasivute maji nyumbani? Kwa sababu kikwazo ni gharama ya kuunganishwa, wala si bei ya yuniti. Bomba huhesabiwa kwa mita kutoka laini kuu, na laini kuu hufuata barabara; aliye mbali na barabara ananunua bomba refu, tena la chuma pale lisipoweza kufukiwa. Anahitaji ridhaa ya kila jirani ambaye bomba linapita kwake. Mpangaji ndiyo kabisa: hawezi kuwekeza kwenye nyumba atakayohamishwa kesho.

Majitaka yanafuata njia hiyohiyo. Juu ya mwamba huchimbi shimo la futi 10. Unapata futi tatu au nne, choo kinajengwa juu kwa ngazi, na shimo linajaa upesi. Gari la kunyonya halipandi, mpira wake haufiki. Mvua kubwa ikinyesha, wengine hutapisha vyoo, yaani huachia uchafu wa shimo utoke na mvua, na uchafu huo unashuka hadi Mto Mirongo, kisha ziwani, tunakochota.

Mfumo rahisi wa majitaka, ulioanzia mjini Natal, Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980, unafaa milima yetu, na baadhi ya mitaa imeshafungiwa. Bomba la milimita 110 hupita nyuma ya nyumba kwa kina kifupi, au juu ya mwamba likiwa la chuma lililoshikwa kwa zege, na chemba ndogo kila linapopinda au linapopokea nyumba. Huziba kwa mchanga wa kusugulia sufuria, matambara, pedi, na maji ya paa yanayoelekezwa humo. Huziba pia kwa kukosa maji. Choo cha kumwagia kinahitaji lita mbili hadi tatu kila mara. Watu watano, mara nne kwa siku, ni karibu lita 50, nusu ya ndoo zilizopandishwa kichwani. Kumfungia mtu bomba la majitaka kabla ya maji safi ni kumpa ankara nyingine ya ndoo.

Kwa wenyeviti: nunueni kipimo cha presha duka la vifaa vya mabomba, kifungwe kwenye bomba la nyumba ya juu kabisa na ya chini kabisa ya mtaa. Someni saa 11 alfajiri na saa 1 usiku kwa wiki mbili, mwandike na siku za mgao. Kikisoma bar 0.3, maji hayawezi kupanda zaidi ya mita tatu, na tanki lililo kwenye mnara halitajaa hata koki ikiwa wazi usiku kucha. Daftari hilo pelekeni mamlaka ya maji, muulize mambo mawili: tanki gani linalisha kanda yetu, na valvu yake inafunguliwa saa ngapi.