Wembe wa Babu Umekula Kutu: Angalia Makali Kwanza, Msasa Baadaye

Habari za mchana jamani, shikamooni wazee, na ndugu zetu mliotoka Iringa na Njombe kamwene. Nimefurahi kuona vinyozi wa Mwanjelwa na mafundi wa Uyole mmekaa pamoja, maana hili jambo linawagusa wote.

Niende moja kwa moja. Mtu akiokota wembe wa zamani, ule wa kukunja, kwenye sanduku la babu yake kitu cha kwanza anashika msasa. Anasugua kutu wiki nzima mpaka unang'aa, alafu ndo anauliza hivi unanoleka huu? Mi naomba leo tugeuze. Swali la kunoleka lije mwanzo kabisa na msasa uje mwisho, kwa sababu zipo nyembe zimesuguliwa zikawa nzuri za kupiga picha na hazitakaa zinyoe hata siku moja, na zipo zingine nyeusi tii, ukiziona unazidharau, kumbe makali yapo salama yanasubiri kinoo tu.

Tuanze na ufa, maana ufa ukiwepo hatuna haja ya kuendelea. Hizi nyembe nyingi zimechongwa ubavuni zikawa na bonde pande zote mbili, kwaiyo ukikaribia makali chuma kinakuwa chembamba sana, na ufa karibu siku zote unaanzia pale kwenye makali unapanda kuelekea mgongoni. Chini ya kutu hauuoni. Paka mafuta ya cherehani kidogo, futa taratibu na kitambaa, zima taa ya ndani, washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa wembe sio juu yake. Mwanga ukilala hivo ufa unatokea, kamstari keusi kembamba kama unywele. Ukikaona pande zote mbili sehemu ileile, basi. Usipeleke kwa fundi wa kuchomelea, ule moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma chote cha karibu, na kipande kikija kukatika kitakatikia shingoni mwa mtu. Labda tu ufa uwe kwenye ncha kabisa, hapo unaweza kukata ncha ukabaki na wembe mfupi, na wapo watu wanaotumia nyembe fupi vizuri tu.

Pengo ni habari nyingine. Pengo ni chuma kimemeguka kimeondoka, ukilichungulia kwa lenzi unaona sakafu yake. Pengo la nusu milimita linaondoka kwenye jiwe, kazi ya jioni moja kwa mtu mvumilivu. Likifika milimita 2 hapo ndo inabidi tupige hesabu, na hii hesabu naomba mniandikie maana watu wengi wanairuka.

Wembe wa kukunja unaponolewa unalala jiweni kwa mgongo na makali kwa pamoja. Hamna anayeshika pembe kwa mkono, mgongo ndo unaipanga pembe. Kwaiyo chukua vernia, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene, pima unene wa mgongo na upana wa wembe kutoka mgongoni mpaka kwenye makali. Wembe wa kawaida una upana wa milimita 16, na mgongo tuseme milimita 4.5. Hiyo inatoa pembe ya kama digrii 16, safi kabisa, tunataka iwe kati ya 15 na 20 hivi. Sasa ukisaga milimita 2 kuondoa pengo, upana unabaki 14, mgongo ni uleule, pembe inapanda inakaribia digrii 18 na nusu. Bado inanyoa! Watu wanatupa nyembe za namna hii bila sababu. Lakini kama mgongo ndo umelika, kuna mtu miaka hiyo alikuwa anaukandamiza kwenye jiwe chakavu mpaka ukabaki milimita 3 na upana bado 16, pembe inashuka mpaka digrii 11 kasoro, makali yanakuwa laini yanajikunja kwenye ndevu za kwanza. Mgongo ulioliwa huwezi kuurudishia chuma, kwaiyo mi mgongo naupima kabla sijasikitikia pengo lolote.

Na angalieni mgongo ulivyoliwa, ukute upande mmoja una bapa pana na mwingine bapa jembamba, au bapa linapanuka kuelekea ncha. Hapo wembe umepinda au ulikuwa unanolewa vibaya. Kujua ni lipi, chukua marka peni, paka wino kwenye makali pande zote mbili urefu wote, alafu pitisha mara moja tu jiweni, mkono mwepesi, jiwe liwe limesawazishwa. Tazama wino umefutika wapi. Ukifutika kote sawa, furaha. Ukibaki katikati upande huu na upande wa pili ukabaki kwenye ncha na kwenye kisigino, yaani mwisho wa makali upande wa mpini, wembe umepinda, utanoleka ila kwa jiwe jembamba na mikono inayojua, sio kazi ya mtu anayeanza.

Sasa kutu. Sisi watu wa nyanda za juu kusini, hasa Tukuyu na Rungwe kule mvua haikatiki, kutu tunaijua. Ile nyekundu ya juujuu isikutishe, mafuta na pamba ya chuma laini inatoka. Ya kuogopa ni ile nyeusi iliyochimba vishimo. Kishimo kikiwa katikati ya ubavu muache kakae, hakasumbui mtu, ukitaka kukamaliza chote utakula chuma bure na maandishi ya dhahabu yakiwepo utayafuta. Ila vishimo vikiwa milimita 1 au 2 kutoka kwenye makali, kila ukinoa unavifikia vipya, makali yanamegeka palepale tena na tena, unanoa mwaka mzima. Kwa wembe wa namna hiyo mi nasema hapana, hata uwe wa Solingen ya Ujerumani au Sheffield ya Uingereza, miji iliyosifika kwa nyembe.

Na kwa hayo majina, wengi wanakuja wanasema huu ni wa mmisionari, umeandikwa Germany. Inawezekana, Wamoravian, wale wamisionari wa Kijerumani, walifika Rungwe mwaka 1891. Ila hilo neno peke yake halithibitishi. Mwaka huohuo Marekani ilianza kudai bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe nchi zilikotoka, kwaiyo kuandika jina la nchi kukawa kawaida, na Solingen wanatengeneza nyembe mpaka leo. Jina zuri linakupa matumaini kwamba chuma kilikuwa kizuri, halikwambii hali yake ya sasa.

Kuna ubaya mmoja unafichwa na usafi. Wembe umepelekwa kwenye grainda, umesafishwa dakika mbili. Makali ni membamba, yanapata moto sekunde moja, chuma kikifika karibu digrii 300 kinageuka bluu na ugumu wake umeshapotea. Ukiona bluu imegusa makali lazima usage mpaka uivuke, na mara nyingi ukiivuka upana umeisha. Jamani mafundi, nawaomba sana, hizi ni kazi za mkono na maji.

Mipini nayo msiisahau. Plastiki ya zamani ile, seluloidi, ikianza kuoza inatoa hewa yenye asidi inayokula chuma, utakuta kutu imefuata umbo la mpini kabisa. Mpini unaochoma pua, unaotoa jasho au unaopasukapasuka, utoe leo, weka wa mpingo au pembe ya ng'ombe. Na mtu asijaribu kwa sindano ya moto kujua ni pembe au seluloidi, seluloidi inawaka vibaya sana.

Vinyozi, kwenu neno moja. Wembe uliofufuliwa ni wa mtu mmoja, ndevu zake mwenyewe. Saluni endeleeni na wembe wa kubadilisha kwa kila mteja, mambo ya homa ya ini na Ukimwi hayana mjadala, na vishimo vya kutu vinashika damu usiyoiona.

Na kama ni wa babu na una ufa? Usiunoe. Toa kutu ya juu, paka mafuta, usiufunge kwenye ngozi wala plastiki maana vinashika unyevu, weka mahali pakavu uangalie kila mwezi.

Haya, mliokuja nazo leteni hapa mezani tuzipime. Zenye mipini ya seluloidi ziwekeni upande wa dirishani, zisikae na nyingine.