Shikamoo kwa Bibi, Menyu kwa Mjukuu

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mwanza na wa kando yote ya ziwa. Leo tunazungumzia namna migahawa yetu inavyowahudumia wazee, na kaka Kulwa amekuja na jambo lililomkera Jumapili iliyopita.

KULWA: Asante, dada Rehema. Baada ya ibada nilimpeleka bibi yangu kula katika mgahawa ulio karibu na ufukwe, ambao sitautaja kwa sababu niliyoyaona pale ningeweza kuyaona popote mjini. Mhudumu alikuja, akapiga goti kidogo, akamwamkia bibi "shikamoo" kwa adabu zote, na bibi akaitikia. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza, "Bibi atakula nini?" Bibi mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake, na fedha za chakula zilikuwa zake, amezifunga kwenye pindo la khanga.

REHEMA: Kumbe shikamoo alipewa bibi, menyu ukapewa wewe.

KULWA: Hata menyu yenyewe haikuwapo. Palikuwa na kibandiko mezani ambacho unatakiwa kukipiga picha kwa simu ndipo uone vyakula, na bibi anatumia kitochi. Nilipomsomea, akauliza kama sato wao wanamchemsha au wanamkaanga tu, na jibu nikapewa mimi.

REHEMA: Nadhani mara nyingi si dharau. Mtu anapozeeka, sauti nyembamba ndizo zinazoanza kupotea masikioni, hivyo mzee husikia kwamba unazungumza lakini asiyapambanue maneno, hasa spika ya muziki inapokuwa imeelekezwa mezani kwake. Mhudumu akiona anachelewa kujibu, hudhani akili imechoka, akahamia kwa kijana. Kumpigia kelele hakusaidii, ila kumwelekea usoni, kusema taratibu na kupunguza muziki kunasaidia sana.

KULWA: Naomba nivisemee na viti, dada. Siku hizi fasheni ni makochi mafupi, laini, ambayo mzee akishakaa amezama. Kuinuka kunahitaji nguvu za mapaja, ambazo hupungua kwa umri, na kochi halina pa kushika. Tulimvuta watu wawili, naye akawa anaona haya mbele za watu. Kwa mama lishe wa Kirumba, mwenye benchi la mbao, huinuka mwenyewe.

REHEMA: Tusiwapambe mno mama lishe, kwa maana benchi halina egemeo na choo ni cha kuulizia. Ninawajua wazee wanaojinyima hata chai kwa kuwa hawajui choo kiko ngazi ya ngapi, na mji wetu huu wa mawe umejaa ngazi.

KULWA: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na hospitalini tumezoea dirisha la wazee. Je, migahawa nayo itenge meza zao?

REHEMA: Hapana, kaka. Baba yangu amevuka miaka 60, na ukimwonyesha meza ya wazee atatoka bila kuaga. Yeye anataka aulizwe mwenyewe anachokula, basi.

KULWA: Hilo ndilo lililomuudhi bibi. Mhudumu alinishauri nimwagizie sangara kwa kuwa sato ana miiba midogo. Ushauri ulikuwa wa kweli, lakini bibi amekulia Ukerewe, naye alikuwa akichambua sato kabla sisi wawili hatujazaliwa. Akamshika binti yule mkono na kumwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, mdomo ninao. Niletee sato wa kuchemsha, na huyu kijana naye muulize, anao wake."

REHEMA: Na bili akamletea nani?

KULWA: Mimi, dada. Bibi akaivuta, akavaa miwani, akaipitia mstari kwa mstari, akakuta soda moja ambayo hatukuinywa.