Bendi Inapopiga Santuri Nzima: Mfano wa Yes

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie bendi kongwe za roki na mtindo wao wa siku hizi wa kupiga albamu nzima jukwaani, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio ule ule wa santuri. Waliofanya hivyo ni wengi. Brian Wilson wa kundi la Beach Boys aliipiga albamu ya Pet Sounds yote mwaka 2000, na mwaka 2005 waandaaji wa matamasha jijini London walianzisha mfululizo mzima wa maonyesho ya namna hiyo. Nikianza kuwataja mmoja mmoja tutakesha hapa. Kwa hiyo nitakaa na bendi moja, Yes ya Uingereza, kwa sababu kwao ndiko swali linakouma zaidi: wanaopiga ni akina nani, na wanachokipiga ni kitu gani hasa?

Kwa wale ambao hawakukulia kwenye muziki huu, niseme kwa ufupi. Yes ilianzishwa London mwaka 1968 na Jon Anderson, mwimbaji mwenye sauti nyembamba ya juu, pamoja na Chris Squire, mpiga besi ambaye besi yake ilinguruma mbele kama gitaa la solo. Kufikia mwanzoni mwa 1972 walikuwa na Steve Howe kwenye gitaa, Rick Wakeman kwenye vinanda na Bill Bruford kwenye dramu. Nyimbo zao zilikuwa ndefu, midundo inageuka njiani bila kubisha hodi, na mashairi yake hata shabiki wa damu hawezi kukueleza maana. Sidhani kama Anderson mwenyewe hilo linamkosesha usingizi.

Sasa twende kwenye santuri yenyewe, Close to the Edge, ya mwaka 1972. Ina nyimbo tatu tu. Wimbo wenye jina la albamu umeshika upande mzima wa kwanza, zaidi ya dakika 18. Upande wa pili una "And You and I" na "Siberian Khatru". Albamu yote haifikishi dakika 40. Lakini nataka mjue jinsi ilivyotengenezwa, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Watu hawa hawakuingia studio wakapiga wimbo wa dakika 18 kwa mkupuo. Hawakuweza. Walikuwa wanaingia Advision, studio ya London, wanatunga kipande kifupi, wanabishana, wanakipiga mpaka kinakaa sawa, kinarekodiwa, basi. Kesho yake kipande kingine. Mhandisi wao wa sauti, Eddie Offord, ndiye aliyekuwa anachukua wembe, anakata utepe, anaunga kipande na kipande. Kuna mahali katikati ya wimbo ambapo bendi yote inanyamaza na kinanda kikubwa cha kanisani kinavuma peke yake. Kile ni kinanda halisi, cha kanisa la St Giles-without-Cripplegate hapo hapo London. Sauti yake ilirekodiwa kanisani ikaja kupachikwa. Kwa hiyo unachokisikia kwenye santuri ni kitu ambacho hakijawahi kutokea. Hakuna siku hata moja ambayo watu watano walikaa chumba kimoja wakapiga "Close to the Edge" kama ilivyo pale. Albamu ilipokamilika, ilibidi bendi ikae chini ijifunze kuupiga wimbo wake yenyewe.

Na kabla hawajajifunza, Bruford akaondoka. Alimaliza kurekodi, akaaga, akajiunga na King Crimson, bendi nyingine ya roki ya Uingereza. Akaitwa Alan White, kijana aliyewahi kupiga dramu na John Lennon, akapewa siku chache kushika nyimbo zote. Mwishoni mwa Julai 1972 bendi ikapanda jukwaani Dallas, Marekani. Albamu yenyewe ilikuwa haijaingia madukani; ilitoka Septemba.

Naomba tusimame hapo kidogo. Watu wa kwanza kabisa kununua tiketi na kuusikia muziki wa Close to the Edge ukipigwa moja kwa moja, waliusikia ukipigwa na mtu ambaye hayumo kwenye santuri. Leo utakutana na mashabiki wenye msimamo mkali wanaosema onyesho la albamu nzima halina maana kama waliorekodi hawapo. Mimi nawauliza: lini walikuwepo? Kile kikosi cha studio hakikuupigia umma santuri ile wakati ilipokuwa mpya. Yessongs, albamu yao maarufu ya mwaka 1973 iliyorekodiwa kwenye maonyesho, sehemu kubwa yake ni White huyo huyo, na hakuna shabiki anayeiita ya bandia.

Jambo lingine linalosahaulika: kupiga albamu nzima si ujanja wa wazee. Ulianza kama kiburi cha vijana. Pink Floyd waliizungusha The Dark Side of the Moon majukwaani mwaka 1972, zaidi ya mwaka mmoja kabla haijatoka. Yes wenyewe, kwenye ziara yao ya Uingereza mwishoni mwa 1973, waliipiga Close to the Edge na juu yake wakaongeza albamu mpya, Tales from Topographic Oceans: nyimbo nne, pande nne za santuri, zaidi ya dakika 80. Hebu vaeni viatu vya mtu aliyekuja kusikia nyimbo anazozijua. Anawekewa zaidi ya saa nzima ya muziki ambao haujauzwa bado.

Wakeman hakuupenda muziki ule na hakuficha. Kisa chake maarufu ni cha Manchester, ukumbi wa Free Trade Hall. Anavyosimulia mwenyewe, fundi wake wa vinanda alikuwa akilala chini ya vyombo wakati wa onyesho, ili kitu kikiharibika akitengeneze. Akamuuliza bosi wake angependa kula nini baada ya kazi. Wakeman akataja vyakula vya Kihindi, mchuzi wa kari na makorokoro yake. Baada ya muda, onyesho likiwa linaendelea, harufu ikaanza kupanda. Fundi alidhani anaagizwa sasa hivi. Wakeman akapanga vyombo juu ya vinanda, akala, huku wenzake wakihangaika na upande wa tatu au wa nne wa bahari zile. Mwaka 1974 akaacha bendi. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinachekesha, lakini pia kwa sababu kinaonyesha kitu: albamu nzima ina mahali ambapo mpigaji mwenyewe hana kazi, au hana hamu. Ukichagua nyimbo unapaficha. Ukiahidi albamu nzima, umenaswa.

Miaka ikapita, watu wakaingia na kutoka kiasi kwamba siwezi kuwachosha nayo. Turukie 2008. Anderson aliugua, mapafu yakamletea shida kubwa, ziara ikafutwa. Wenzake hawakumsubiri. Walimchukua Benoît David, Mkanada aliyekuwa akiimba kwenye bendi ya kuiga nyimbo za Yes. Squire alimwona kwenye video za intaneti. Mwaka 2012 naye akapisha, akaja Jon Davison, Mmarekani mwenye sauti ya juu vile vile. Kuna waliokasirika mpaka leo. Mimi Davison namsikiliza bila kinyongo, ila nakubali kwamba Anderson hakuwa anaimba noti tu. Alikuwa anaamini yale maneno, au alituaminisha kwamba anayaamini.

Mwaka 2013 ndipo bendi hii ilipoanza biashara yenyewe: albamu tatu kwa usiku mmoja, The Yes Album, Close to the Edge na Going for the One. Mwaka uliofuata wakaingiza Fragile, ya 1971. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mambo yalipokuwa matamu, maana Fragile haikutengenezwa kwa ajili ya jukwaa. Nyimbo zake ni tisa. Nne ni za bendi nzima, na tano kila mwanamuziki alitengeneza chake. Wakeman alichukua sehemu ya simfonia ya nne ya Brahms akaicheza kwa vinanda tofauti vilivyorundikwa kimoja juu ya kingine. Anderson alijirekodi juu ya sauti yake mwenyewe mara kadhaa mpaka akawa kwaya. Squire alifanya hivyo hivyo kwa besi. Howe alikaa na gitaa lake la nyuzi laini akapiga kipande cha Kihispania. Bruford alitoa kitu cha sekunde 35 hivi, "Five Per Cent for Nothing", kinachoishia pale unapoanza kukielewa.

Kwa miaka zaidi ya 40 hakukuwa na sababu ya kukipiga kipande hicho cha sekunde 35 jukwaani. Nani angekihitaji? Lakini ukishatangaza Fragile nzima, huna budi. Kwa hiyo wazee wale wakakaa mazoezini kujifunza sekunde 35 zenye hesabu ngumu ambazo kijana mmoja alizitunga karibu kwa utani, naye alikwishastaafu kupiga dramu mbele ya watu. Hii ndiyo faida ninayoiona kwenye mtindo huu. Orodha ya kawaida ya nyimbo za onyesho inachujwa na makofi. Wimbo usioitikiwa unaachwa, na baada ya miaka 30 bendi inabaki na nyimbo kumi. Albamu nzima inarudisha vilivyotupwa.

Hasara yake nayo ipo. Mpangilio wa santuri ulipangwa kwa mtu aliye nyumbani, anayeinuka katikati kugeuza upande. Jukwaa lina hesabu nyingine. "Roundabout", wimbo ambao kila mtu anausubiri uwe wa kufungia, kwenye Fragile ni wa kwanza. Kwenye Close to the Edge kilele chote kiko upande wa kwanza. Kwa hiyo ukifuata santuri, chakula kikuu kinaliwa mapema. Na kwa kuwa albamu moja ya enzi zile haijazi usiku, lazima uunganishe mbili au tatu, na hapo unaamua mwenyewe ipi itangulie. Basi ule uaminifu kwa mpangilio wa zamani ni uaminifu nusu.

Halafu kuna mwendo. Chukueni Yessongs ya 1973 muiweke karibu na Like It Is, ile iliyorekodiwa Mesa, Arizona, Agosti 2014, yenye Close to the Edge na Fragile. Msisikilize sauti ya mwimbaji kwanza, sikilizeni miguu ya muziki. "Siberian Khatru" ya Yessongs, iliyorekodiwa 1972, inakimbia, karibu ianguke. Ile ya Mesa inatembea. Kila noti ipo, na gitaa la Howe linasikika wazi kuliko zamani, lakini ule wasiwasi kwamba jambo hili linaweza kuharibika sekunde yoyote umepungua. Wapo wanaolaumu umri. Mimi nadhani umri ni sehemu tu. Mwaka 1972 walikuwa wanaupiga wimbo wao. Mwaka 2014 walikuwa wanaipiga rekodi, na rekodi kila mtu ukumbini anaijua kwa moyo. Ukikosea, watu elfu mbili wamesikia.

Squire alifariki Juni 2015 kwa saratani ya damu. Alikuwa ndiye pekee aliyekuwemo kwenye kila albamu ya Yes tangu ile ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa amemwomba Billy Sherwood ashike besi na aendeleze bendi. Mwaka 2016 Anderson, Wakeman na Trevor Rabin, mpiga gitaa wa zamani wa Yes, wakaunda kikosi chao, mwaka uliofuata wakakibandika jina la Yes, na kwa muda kukawa na Yes mbili zinazozunguka dunia. Wapenzi wa dansi mnalijua hili. NUTA Jazz ya 1964 ilipitia JUWATA na OTTU mpaka ikawa Msondo Ngoma, na hatujawahi kuwadai cheti cha kuzaliwa.

Halafu ikaja 2022, miaka 50 ya Close to the Edge. Ziara ya Uingereza ilipangwa kuanza Juni. Tarehe 26 Mei Alan White akafariki, yule aliyeupiga wimbo huo Dallas baada ya siku chache za kujifunza. Ziara haikusimama. Jay Schellen, aliyekuwa akimsaidia kwa miaka kadhaa tangu alipofanyiwa upasuaji wa mgongo, akakaa kwenye dramu. Kati ya watano waliorekodi ile santuri, kwenye bendi alibaki Howe peke yake, mwenye miaka 75. Mwaka uliofuata Anderson naye akawa Marekani na vijana wake wa Band Geeks, akiimba wimbo huo huo. Nimewasikiliza wote wawili. Kikosi cha Anderson kina moto zaidi, nasema bila kumung'unya maneno. Cha Howe kina gitaa lenyewe, na kwenye "And You and I", pale gitaa la kutelezesha chuma linapoingia, hakuna kijana aliyeweza kunisahaulisha mkono ule.

Kuna wanaosema yote haya ni njaa ya pesa tu. Santuri haziuzi kama zamani, kipato kimehamia kwenye tiketi, na jina la albamu inayojulikana linauza tiketi kuliko albamu mpya. Ni kweli, sina sababu ya kubisha. Ila hata ziara za 1972 zilikuwa biashara, zikiuza santuri. Kilichogeuka ni upande upi unaoulipia mwingine.

Tuna muda wa maswali. Nawaomba wale wa upande wa King Crimson wasubiri kidogo, wengine waanze.