Anza na chaza, lulu itafuata
Mhadhara kwa wanafunzi wa kucha, Jinja

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Shikamooni wazee mliowasindikiza mabinti zenu. Na nyinyi kaka zangu watano mliojibanza nyuma kama mmekosea mlango, sogeeni mbele. Nani hajui kwamba Kampala anayepita na kikapu cha rangi na beseni, akiwaita kina mama wapakwe kucha, mara nyingi ni mwanaume? Kazi hii ni yenu pia.

Nimeombwa nizungumzie kucha za lulu. Uganda lulu tumeishiba. Imo ndani ya wimbo wa taifa, imo kwenye matangazo ya utalii, imo kwenye vibao vya nyumba za wageni. Winston Churchill alipita hapa mwaka 1907, na mwaka 1908 akachapisha kitabu akaisifu nchi hii kuwa lulu, na sisi hatujaiachia mpaka leo. Sasa na kucha nazo: mtu anapaka waridi, anabandika shanga mbili nyeupe, anapiga picha, anasema nimeweka lulu. Hujaweka lulu, mwanangu. Umeweka shanga.

Pokeeni hili ganda, mlipitishe. Taratibu, ukingo wake unakata. Nilipewa na mvuvi mmoja wa hapa hapa. Ni chaza wa Mto Nile. Bahari hatuna, lakini chaza tunaye: wataalamu humwita Etheria elliptica, na huishi kwenye maji baridi ya mito na maziwa ya Afrika, amejigandisha kwenye mwamba. Kwa kuwa ameganda, hukua kwa kufuata umbo la mwamba, ndiyo maana hamtapata wawili waliofanana. Nje ni gome la mti mkavu. Haya, ligeuzeni. Lipelekeni dirishani, lilazeni kidogo. Mnaona? Kijani kilichofifia, halafu fedha, halafu kwa mbali kama waridi, na uso wenyewe una malengelenge, haukunyooka popote.

Kuna kitu cha mviringo hapo? Hakuna hata kimoja, na bado kila aliyelishika ameligeuza mara mbili. Mimi hicho ndicho ninachotaka mkipeleke kwenye ukucha. Lulu ni nukta ya mwisho tu. Kazi yote iko kwenye ganda.

Mng'ao huo si rangi. Chaza hana rangi anayopaka. Anajenga vigae vidogo vya chokaa, kimoja juu ya kingine, na katikati gundi yake mwenyewe. Kila kigae kina unene wa karibu nusu ya maikromita, yaani upange mia moja au zaidi ndipo ufikie unene wa unywele. Mwanga ukiingia, sehemu unarudi kutoka tabaka la juu, sehemu kutoka la chini, na inapokutana njiani baadhi ya rangi hupata nguvu na nyingine hufa. Mmeshaliona jambo hilo bila kwenda shule: mvua ikinyesha stendi ya boda, yale mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi yanatoa rangi za upinde wa mvua. Ni utando mwembamba tu. Ukimwaga debe zima la mafuta, hupati kitu.

Na lulu yenyewe? Ni tabaka zile zile, chaza amezizungushia kitu kinachomkera. Tulifundishwa kwamba ni punje ya mchanga. Mara nyingi zaidi ni kidudu kilichoingia, au jeraha kwenye nyama yake. Mjapani Kokichi Mikimoto mwaka 1893 alifanikiwa kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kumpandikizia kiini, na zile za kwanza zilikuwa nusu duara, bapa upande mmoja, zimeshikamana na ganda. Wanawake wa Fumba, kule Unguja, nao wamefuga chaza wa lulu nusu za aina hiyo. Kwa hiyo mkinunua zile lulu bapa za kucha msizidharau. Hata chaza anazijua.

Jambo moja la pembeni, maana nalipenda. Wafaransa wa karne ya 17 walitengeneza lulu bandia kwa kupaka ndani ya shanga za kioo uji wa magamba ya samaki wadogo wa mtoni, na uji huo miaka mingi baadaye ukaja kutumika hata kwenye rangi za kucha. Kinachong'aa mle ni fuwele zilizo kwenye ngozi ya samaki. Ukipita mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, asubuhi ukakuta mukene, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa, eneo zima linawaka kama fedha, ndicho hicho. Siku hizi poda nyingi za kuupa ukucha mng'ao wa lulu ni madini ya ulanga yaliyosagwa na kuvikwa utando wa oksidi ya titani. Tabaka tena.

Sasa mikono. Safisha ukucha, sukuma ngozi ya shinani kwa upole, piga msasa mwepesi, futa vumbi na mafuta. Jeli ya msingi, nyembamba, kisha taani, yaani mkono uingie kwenye taa ambayo mwanga wake ndio unaokausha jeli. Kisha rangi ya maziwa, ile unayoona ukucha kwa mbali chini yake. Wengi wenu hapa ndipo mnapoharibu: mnapaka nyeupe ya ukuta. Ganda la chaza lina kina, na nyeupe nzito inaziba kina. Paka mara mbili nyembamba, kila mara taani.

Halafu chukua jeli nzito ya kujengea na brashi nyembamba. Chora mikunjo kutoka pembeni kuelekea katikati, mmoja mnene, mmoja mwembamba, mwingine ufie njiani. Usipime. Vidole vyote kumi vikifanana umechora kitambaa cha meza. Baada ya taa, weka jeli ya mwisho isiyoacha unato, taani tena, ndipo usugue poda kwa kisponji. Kidogo sana! Mkono wangu wa kwanza nilimwaga nusu kopo, mteja akatoka na vijiko kumi vya chuma. Ukimaliza, funika tena kwa jeli ya mwisho na uzibe ncha ya ukucha, la sivyo poda itachunika siku ya kwanza ya kufua.

Poda hiyo hiyo ukiisugua juu ya rangi nyeusi, kijani na zambarau zinatoka kwa nguvu, kama lulu nyeusi za Tahiti. Msininunulie makopo sita. Nunueni moja, badilisheni rangi ya chini.

Lulu bapa sasa, na hapa nitajiaibisha. Nilimpamba bibi harusi, kila kidole cha pete lulu tatu. Nilijivuna. Wakati wa kula pilau, shangazi wa bwana harusi akauma kitu kigumu, akakitoa mdomoni akakiweka pembeni ya sinia, akanitazama. Lulu yangu. Kufika jioni bibi harusi alibaki na moja. Gundi haikuwa na kosa. Lulu haipitishi mwanga! Nilikuwa nimeweka jeli chini yake nikaingiza mkono kwenye taa, na jeli iliyo kivulini haikukauka. Juu imeshika, chini bado uji. Tangu siku hiyo naweka tone dogo tu chini, kisha najenga ukosi wa jeli kuizunguka lulu, na nainamisha mkono ndani ya taa kushoto na kulia ili mwanga uingie ubavuni. Na lulu iwe moja, karibu na shina la ukucha, kwenye bonde la mikunjo, pale ambapo chaza mwenyewe angeiweka. Ikikaa nchani itakwama kwenye kila mtandio.

Jeli mbichi isiguse ngozi. Ikigusa, futa kabla ya taa. Aliyepata mzio wa jeli anaweza kuishi nao maisha yake yote, mteja au wewe fundi. Na wakati wa kuondoa, ng'oa lulu kwanza, kwa sababu asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi, huyeyusha lulu nyingi za plastiki na utabaki na uji mweupe.

Dada wa kijani kule ameniuliza kabla hatujaanza: na wanaoswali je? Swali zuri, nusu ya wateja wangu ni hao. Maji ya udhu hayafiki kwenye ukucha uliofunikwa, basi mimi siwapaki. Nawatengenezea seti ya kucha za kubandika, napima kila kidole, nafanya chaza yote juu ya meza, wanazibandika kwa vibandiko vya gundi laini na kuzivua sala ikifika. Bibi harusi anabaki na hina yake mkononi na ganda la chaza kwenye kisanduku. Tena kazi ya mezani hutoka safi zaidi, kwa sababu ukucha wa mezani haupigi simu.

Haya, kaeni wawili wawili, vueni pete. Kila meza ina jeli ya maziwa, brashi namba sifuri na poda kijiko kimoja, nimeipima mwenyewe, kwa hiyo asije mtu akaniambia imekwisha. Ganda liko kwa nani? Lirudishe dirishani mama, wote tuchore tukiwa tunaliona. Na kaka zangu, mtaanza nyinyi.